Msiseme Kufuli Ndilo Linalochelewesha Barua

Najua nimenyamaza karibu miezi miwili, na wawili watatu kati yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nimekuwa nikipanda matatu kutoka Nakuru hadi Molo, kutoka Molo hadi Keringet, na kurudi usiku nikiwa na vumbi mpaka kwenye kibodi. Leo nimeketi, chai iko mezani, na nina hasira. Mnivumilie.

Kisa ni hiki. Huko Kuresoi kuna kikundi cha wasaidizi wa sheria, akina mama wengi na wazee wawili, ambao huwaandikia watu maelezo yao: shamba lililouzwa mara mbili, binti aliyepigwa na mumewe, familia iliyofukuzwa kwake miaka ile na bado inadai ploti yake. Maelezo hayo hutumwa kwa wakili mjini Nakuru. Miaka miwili iliyopita niliwatengenezea mfumo wa barua pepe wenye usimbaji fiche. Kwa wale wasiojua, kusimba ni kuifunga barua kwa kufuli la hesabu: inafungwa kwenye simu ya anayeandika, na inafunguliwa kwenye simu ya anayesoma tu. Seva iliyo katikati inabeba sanduku ambalo haiwezi kulifungua, hata mwenye seva akitaka.

Mratibu wao ni mama wa umri wa mamangu, na hupenda kunipigia simu kabla jua halijatoka. "Kijana wangu, hii barua yako ya kufuli imelala tena." Imelala, yaani kile kiduara cha kusubiri kinazunguka tu, barua haziji. Nami humwambia, pole mama, ni mtandao, jaribu tena saa nne.

Mwezi uliopita wafadhili wakaleta mshauri kutoka Nairobi. Akakaa siku moja, akala nyama choma, akaandika ripoti ya kurasa sita. Ukurasa wa nne unasema hivi kwa ufupi: mfumo ni wa polepole kwa sababu ya usimbaji fiche, kwa hiyo kikundi kirudi kwenye barua pepe ya kawaida. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi kimyakimya. Walikuwa wanapiga maelezo picha na kuyatuma kwa WhatsApp.

Mtaniambia WhatsApp nayo imesimbwa. Ni kweli, imesimbwa. Lakini picha ikifika inaingia kwenye albamu ya simu pamoja na picha za harusi, na mtoto wa nyumbani anazipitia akitafuta katuni. Nakala nyingine inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya yule mwenye simu bila yeye kujua. Kufuli liko njiani, lakini nyumbani mlango uko wazi.

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze kwa nini sitaki kusikia habari ya kuziacha barua hizi wazi. Januari 2008 nilikuwa na miaka kumi, tukiishi hapa Nakuru. Nakumbuka moshi, na nakumbuka mama akituonya tusimtajie mtu tusiyemjua jina letu la ukoo. Jina peke yake lilitosha. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Majina ya walioshukiwa kuwa wahusika wakuu tume haikuyachapisha. Iliyatia kwenye bahasha iliyofungwa, akakabidhiwa Kofi Annan Oktoba 2008, naye akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Julai 2009. Mwisho wa kesi zenyewe mnaujua: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikakatizwa Aprili 2016, huku habari ya mashahidi kuingiliwa ikitajwa waziwazi mahakamani. Sina nia ya kuwahukumu watu hapa. Ninachosema ni kwamba katika bonde hili, karatasi yenye jina la shahidi, kijiji chake na nambari yake ya simu si karatasi ya kawaida. Na maelezo ya wale akina mama yana vyote vitatu, pamoja na jina la jirani aliyeona.

Hata sheria iko upande wangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayetunza data za watu amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 data zikivuja na kuwatia watu hatarini, na inataja usimbaji fiche kwa jina lake kama mojawapo ya njia za kujikinga. Mshauri wetu hakuitaja sheria hiyo hata mara moja. Labda nafasi ilijaa.

Haya basi, turudi kwenye kasi.

Nilifanya jambo ambalo ripoti haikufanya: nilipima. Nilichukua simu ya mratibu mwenyewe, Android ya bei ya chini iliyokwisha kuanguka mara nyingi, nikaongeza kwenye programu mistari michache ya kuandika muda wa kila hatua. Kisha nikaketi kwenye hoteli moja ya chai pale Keringet, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, nikaanza kusawazisha kikasha chenye barua 400. Kazi yote ilichukua dakika kumi na nne. Ndani ya dakika hizo, kufungua makufuli ya barua zote 400 kulichukua sekunde tano na kitu.

Sekunde tano! Zilizobaki zote zilikuwa za kusubiri.

Kusubiri nini? Hebu tupige hesabu pamoja, haihitaji digrii. Seva iko Ulaya. Kutoka mjini Nakuru, ujumbe mdogo kwenda na kurudi ni milisekunde mia na kitu hadi mia mbili. Kule juu, mtandao ukiwa dhaifu, nilikuwa napata kama milisekunde 600. Sasa, programu ilikuwa inaomba barua moja moja. Kwa kila barua inaomba kwanza kichwa, ikijibiwa inaomba ufunguo wa barua hiyo, ikijibiwa inaomba mwili. Safari tatu. Barua 400 mara safari 3 mara sekunde 0.6 ni sekunde 720. Dakika kumi na mbili, na hapo hatujahesabu data yenyewe. Ni kama kumtuma mtoto dukani kwa kibiriti, akirudi unamtuma chumvi, akirudi unamtuma majani ya chai, kisha unalaumu duka kwamba liko mbali.

Na ni nani mpumbavu aliyeandika programu inayomtuma mtoto hivyo? Ni mimi. Niliiandika hapa mjini kwenye intaneti ya faiba, nikaijaribu kwa barua ishirini, ikaruka kama swala, nikajipigia makofi. Kwa hiyo mshauri alikuwa na haki ya kuniandika vibaya. Hakuwa na haki ya kulisingizia kufuli.

Lakini siachi jambo hapo, kwa sababu kosa hili si langu peke yangu. Ni kasumba ya fani nzima. Sisi watengeneza programu za usalama tuna kisingizio kitamu sana: mtu akilalamika kwamba programu yetu ni nzito, tunamjibu kwa sauti ya kiprofesa kwamba usalama una gharama. Mtumiaji anaona aibu, ananyamaza. Sisi tunarudi kwenye michezo yetu. Na wale wasiopenda usalama wanachukua maneno yetu wenyewe na kuyageuza: mnaona, hata wao wamekiri. Ripoti ile ya kurasa sita ni mtoto wa kisingizio chetu.

Auguste Kerckhoffs, ambaye kila mwanafunzi wa fani hii amefundishwa kanuni yake ya kwamba siri ikae kwenye ufunguo na si kwenye mashine, aliandika kanuni sita mwaka 1883. Tunakariri hiyo moja na kuisahau ya sita: mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar wakachapisha utafiti wao maarufu kuhusu PGP, wakaonyesha kwamba watu wa kawaida walishindwa kuitumia ipasavyo ingawa hesabu zake zilikuwa imara. Ni zaidi ya robo karne sasa. Mtu akishindwa kungoja anatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato haina kufuli. Kwa hiyo kiduara kinachozunguka dakika kumi na nne ni tundu la usalama kama tundu lingine lolote, na kilistahili kurekebishwa kwa haraka ileile ambayo ningerekebisha ufunguo uliovuja.

Tena si ujuzi mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Kenya haijapata intaneti kamili, ofisi ya ELCI pale Nairobi ilikuwa ikibeba barua pepe za mashirika kwa mtindo wa Fido. Barua zinakusanywa, zinafungwa pamoja zikiwa zimebanwa, halafu modemu inapiga simu London kwa GreenNet, inamwaga mzigo na kuchukua mwingine, inakata. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali kupindukia, kwa hiyo walihesabu kila sekunde. Sisi tumepewa faiba za baharini tangu 2009 tukasahau kuhesabu. Kisha nyaya za EASSy na Seacom zikakatika Mei 2024, mtandao ukawa wa kobe nchi nzima kwa siku kadhaa, na ghafla kila mtu mjini akawa mkazi wa Keringet.

Barua pepe ya kawaida yenyewe ilipitia darasa hili. Itifaki ya IMAP, kwa toleo lililoandikwa 2003, haikuwa na njia nzuri ya kuiuliza seva ni nini kilichobadilika tangu jana. Programu ilibidi iulize hali ya barua zote upya: hii imesomwa? na hii? na hii? Mwaka 2006 ikaongezwa namba ya mabadiliko, ili uweze kuuliza ya tangu namba fulani tu. Mwaka 2008 ikaongezwa na habari ya zilizofutwa. Mwaka 2019 ikaja JMAP, inayokuruhusu kufunga maombi mengi kwenye bahasha moja. Dawa ipo, imeandikwa, inasomwa bure.

Ugumu wa kweli wa barua zilizosimbwa uko mahali pengine, na hapa ndipo ningetaka ripoti ya kurasa sita ijikite. Seva ya kawaida ni karani anayejua kusoma. Ukitafuta neno "hatimiliki" anakutafutia yeye, anakurudishia barua tatu. Seva yetu ni karani kipofu. Hawezi kutafuta, wala kukuonjesha mstari wa kwanza wa barua. Kwa hiyo kazi yote ya karani inahamia kwenye simu ya mama wa Kuresoi. Wakubwa wa fani wameamua kwa njia tofauti ni kiasi gani cha upofu kinatosha: Proton, walioanza 2014 Uswisi, hawasimbi mada ya barua kwa kufuli hili la mwisho hadi mwisho, ilhali Tuta wa Ujerumani wanaisimba. Kila mmoja ana hoja yake. Mimi niko na Tuta, kwa maana mada inayosema "Ushahidi kuhusu shamba la fulani" ni siri tosha hata mwili usiposomwa.

Sasa nilichobadilisha. Kwanza daftari. Kila jambo linalotokea kwenye kikasha, barua mpya, iliyosomwa, iliyofutwa, seva inaliandika kwenye mstari wenye namba. Simu inakumbuka namba ya mwisho iliyoona na kuuliza: nipe ya baada ya 8,412. Seva haihitaji kusoma barua ili kuandika daftari hilo. Kama hakuna jipya, jibu ni baiti chache na mtu anaendelea na maisha yake.

Pili, vichwa vinakuja hamsini kwa safari moja, kila kimoja kikiwa na ufunguo wake uliofungwa. Barua 400 ni safari nane, chini ya sekunde tano za kusubiri. Data ya vichwa ni kama kilobaiti 400, na kwenye mtandao wa kilobiti 400 kwa sekunde hizo ni sekunde nane. Miili inafuata polepole nyuma ya pazia, mipya kwanza.

Tatu ni zile sekunde tano zenyewe, ambazo pia nimezipunguza, kwa ubishi tu. Kazi nzito ndani yake ni hesabu ya ufunguo wa wazi na ufunguo wa siri, inayofanywa mara moja kwa kila barua. Simu ikishaufungua ufunguo wa barua mara ya kwanza, inaufunga upya kwa ufunguo mmoja wa kawaida ulio wa mwenye kikasha na kuurudisha kwenye seva. Akibadilisha simu, hesabu nzito hairudiwi.

Viambatisho ndivyo vilivyonitoa jasho. Maelezo ya mkono yaliyopigwa picha yanaweza kufika megabaiti nane. Programu ya zamani ilikuwa inasimba faili zima kuwa kipande kimoja na kulipandisha. Matatu ikiingia bonde, mtandao ukikatika kwenye asilimia tisini, unaanza sifuri. Bando ya mama inaliwa mara tatu kwa barua moja, na hiyo ni hela yake ya mboga. Dawa inayokuja akilini ni kukata faili vipande vidogo, kila kimoja na kufuli lake, kikifika kimefika. Lakini hapo kuna mtego. Ukikata ovyo, mwenye seva mbaya anaweza kubadilisha mpangilio wa vipande, au kuficha cha mwisho, na msomaji akaona maelezo yaliyokatwa kabla ya jina la mshtakiwa bila kujua kuna kilichoondolewa. Kwa hiyo kila kipande lazima kifungwe pamoja na namba yake na utambulisho wa faili, na cha mwisho kitangaze kwamba ndicho cha mwisho. Na usimwonyeshe mtu kitu ambacho hujathibitisha uzima wake. Somo hilo tulipewa mwaka 2018 na shambulio lililoitwa Efail, ambapo programu nyingi za barua zilikuwa zinafungua na kuonyesha maandishi yaliyochezewa. Kiwango kipya cha OpenPGP, kilichotoka Julai 2024, kina vipande vya namna hii ndani yake, kwa hiyo usibuni chako usiku wa manane kama nilivyojaribu mimi wiki ya kwanza. Nilikosea mara mbili.

Halafu kubana. Data iliyosimbwa haibaniki, inaonekana kama mchanga mtupu. Lazima ubane kwanza, ndipo usimbe. Mimi nilikuwa nategemea seva ibane njiani, yaani nabana mchanga. Tahadhari moja: shambulio la CRIME la mwaka 2012 lilionyesha kwamba ukibana pamoja siri yako na maandishi yanayoletwa na adui, urefu wa matokeo unaweza kuitoa siri. Kwa hiyo kila barua inabanwa peke yake, haichanganywi na nyingine. Picha sizigusi, zimeshabanwa, ila nazipunguza ukubwa kabla ya kuzifunga. Maandishi ya kalamu yanasomeka vizuri kwa theluthi ya ukubwa.

Sitaki mnidhanie kwamba nauza dawa ya mzizi mmoja. Daftari lile linaifunulia seva mambo: nani alipokea barua saa ngapi, ya ukubwa gani, na nani aliisoma. Lilikuwa linafunua hayo hata zamani, lakini sasa yamepangwa vizuri zaidi kwa mtu anayependa kuchungulia. Nimepunguza kwa kujaza vipande viwe vya saizi chache zilizo sawa, na hiyo inaongeza data kidogo. Hapo ndipo usalama una gharama kweli, na gharama hiyo naweza kuiandika kwa kilobaiti na kumwonyesha anayelipa.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye hoteli ileile ya chai, saa ileile, simu ileile. Mvua haikuwepo, nakiri. Orodha ya barua zote ilijaa ndani ya sekunde ishirini, na ya pili, baada ya kuzima na kuwasha, chini ya sekunde mbili. Mratibu aliitazama, akasema, "Kumbe ilikuwa inaweza!" Sikujua kama nifurahi au nijifiche chini ya meza.

Nimewaandikia wafadhili barua ya kurasa mbili, yenye vipimo vyote, na nimewaomba wamuulize mshauri alipima wapi na kwa simu gani. Bado hawajanijibu. Na kwenu mnaotengeneza programu mkiwa Westlands au Kilimani kwenye faiba: nauli ya matatu hadi Keringet haitawaua. Njooni na simu ya zamani, msije na ile ya mwaka huu, na msijaribu saa kumi na mbili asubuhi mtandao ukiwa mtupu.

Kilichobaki ni kutafuta. Faharasa ya maneno inajengwa ndani ya simu yenyewe, na simu ya mzee mmoja kule Olenguruone ina nafasi ndogo hivi kwamba programu inajifunga katikati ya kazi. Nadhani nitajenga faharasa ya miezi sita ya karibuni tu na kuacha nyingine hadi mtu aiombe. Jumatatu napanda tena.